David Lennox: mwashi aliyesailiwa akiwa kazini

Kilomita zipatazo 50 magharibi ya katikati ya jiji la Sydney, nchini Australia, uko mji wa Penrith, kando ya mto Nepean. Ng'ambo ya mto huo, tambarare ya Emu Plains inakoma ghafla na barabara nyembamba inaanza kupanda kuelekea safu ya milima ijulikanayo kama Blue Mountains. Kwenye kona moja ya mpando huo lipo daraja dogo la mawe lenye tao moja tu.

Daraja hilo lilikamilika mwaka 1833. Ukiondoa kisiwa cha Tasmania, hakuna daraja jingine la matao ya mawe nchini Australia ambalo ni kongwe kuliko hilo na bado limesimama.

Aliyelijenga ni David Lennox, Mskochi aliyeshuka melini mjini Sydney mwezi Agosti 1832 akiwa na umri wa miaka 44. Nyuma yake alikuwa na uzoefu wa zaidi ya miaka 20 katika ujenzi wa madaraja, yakiwemo mawili ya fahari kuu ya Uingereza ya wakati huo. Hata hivyo, kazi ya kwanza aliyoipata ugenini ilikuwa ya kibarua wa kutwa, kuchonga mawe ya ukuta.

Hali hiyo si ngeni kwa wengi waliohama Afrika Mashariki kwenda kutafuta maisha nchi za mbali. Mhandisi hujikuta ghalani akipanga masanduku, na mwalimu hujikuta akisafisha ofisi za watu, kwa sababu pale alipofika hakuna anayemjua wala anayejua uzito wa vyeti vyake. Maisha ya Lennox yanaonyesha jinsi mtu mmoja alivyovuka pengo hilo, na ni kwa kiasi gani alivuka kwa uwezo wake mwenyewe.

Mwanafunzi wa matao

Lennox alizaliwa mwaka 1788 katika mji wa Ayr, pwani ya magharibi ya Scotland. Alijifunza uashi, kazi ambayo wakati huo ilikuwa na heshima yake na ngazi zake. Kijana alianza kwa kubeba na kuchonga, akapanda hadi kujenga, na wachache miongoni mwao walifikia kukabidhiwa usimamizi wa wengine.

Lennox alikuwa katika kundi hilo la wachache. Alifanya kazi katika miradi ya Thomas Telford, mhandisi mashuhuri kuliko wote katika Uingereza ya zama hizo, ambaye naye alianza maisha kama mwashi wa kawaida huko Scotland. Miongoni mwa miradi hiyo ni daraja la kuning'inia la Menai, linalounganisha Wales na kisiwa cha Anglesey, ambalo lilifunguliwa mwezi Januari 1826 na kuwa ajabu ya dunia ya wakati wake.

Mradi mwingine ulikuwa daraja la mawe la Over, juu ya mto Severn, karibu na mji wa Gloucester. Daraja hilo lina tao moja lenye upana wa futi 150, yaani zaidi ya mita 45. Katika ujenzi wa namna hiyo, mawe hupangwa juu ya kiunzi kikubwa cha mbao, na kiunzi hicho huondolewa mawe yote yakishakaa mahali pake. Hapo ndipo mjenzi hujua kama hesabu zake zilikuwa sahihi.

Kiunzi cha Over kilipoondolewa, kilele cha tao kilishuka kiasi cha inchi 10. Daraja halikuanguka, na hadi leo lipo, lakini kushuka kule kulikuwa somo chungu kwa wote waliohusika. Mwashi aliyepitia mradi kama huo aliondoka akijua mambo ambayo hayaandikwi katika cheti chochote.

Mwaka 1828 mke wa Lennox alifariki dunia. Miaka minne baadaye, akiwa mjane wa makamo, alipanda meli iitwayo Florentia na kuelekea New South Wales, koloni la Uingereza lililoanzishwa mwaka 1788, mwaka ule ule aliozaliwa yeye.

Koloni lililokosa mafundi

New South Wales ya mwaka 1832 ilikuwa na wafanyakazi wengi na mafundi wachache. Sehemu kubwa ya nguvukazi ya serikali ilikuwa wafungwa waliosafirishwa kutoka Uingereza na Ireland kutumikia vifungo vyao upande wa pili wa dunia. Walikata miti, walivunja mawe na kufungua barabara, lakini wengi wao hawakuwa na ujuzi wa ujenzi.

Barabara ndiyo ilikuwa haja kubwa ya koloni. Mwaka 1814 na mwanzoni mwa 1815, William Cox akiwa na wafungwa wapatao 30 alifungua njia ya kwanza ya magari ya kukokotwa, kutoka Emu Plains kuvuka Blue Mountains hadi nyanda za Bathurst, mwendo wa maili 101 uliofanyika katika muda wa miezi sita. Njia hiyo ilipita katika ardhi za wenyeji, Wadarug wa upande wa Penrith na Wawiradjuri wa upande wa Bathurst, ambao hakuna aliyewaomba ruhusa.

Kupitia njia hiyo mifugo na walowezi walikwenda bara, na sufu ikarudi pwani kupelekwa Uingereza. Hata hivyo, mpando wa kwanza baada ya Emu Plains ulikuwa mkali mno, na njia iliyotengenezwa badala yake miaka ya 1820 nayo iliwatesa watu na wanyama. Madaraja mengi ya koloni yalikuwa ya mbao, ambazo zilioza kwa unyevu au kuchukuliwa na mafuriko.

Mtu aliyebeba mzigo huo alikuwa Meja Thomas Mitchell, Mpima Mkuu wa koloni. Mitchell alikuwa Mskochi, askari wa zamani aliyechora ramani za vita katika rasi ya Iberia chini ya Wellington. Alijulikana kwa mambo mawili: ustadi wake wa kuona njia bora katika nchi ngumu, na hasira zake za karibu.

Mitchell alikwisha kuchagua njia mpya ya kupanda mlima kutoka Emu Plains. Njia hiyo ilihitaji kuvuka bonde jembamba lenye kijito, mahali paitwapo Lapstone, na alitaka pavukwe kwa daraja la mawe litakalodumu. Alichokosa ni mtu wa kulijenga.

Ukutani, Macquarie Street

Wakati huo huo, katika mtaa wa Macquarie Street mjini Sydney, ukuta mfupi ulikuwa unajengwa mbele ya jengo la Baraza la Kutunga Sheria. Miongoni mwa waliokuwa wakichonga mawe ya kufunika kichwa cha ukuta huo alikuwemo Lennox, akilipwa kwa siku.

Kwa maelezo aliyoyaacha Mitchell mwenyewe, alimkuta pale akiwa kazini, akavutiwa na alichokiona, akaanza kumuuliza maswali. Majibu yalimfanya atambue kwamba mtu aliyesimama mbele yake hakuwa mkata mawe wa kawaida. Mambo yakaenda haraka. Lennox aliacha jiwe lake ukutani na, mikono ya shati ikiwa bado imekunjwa, akakubali kazi ya madaraja.

Kwa vigezo vya leo, huo ulikuwa usaili wa ajabu. Mwombaji hakuwa ameomba chochote. Hakuwa na muda wa kujiandaa, hakuvaa nguo za kutokea, wala hakuchagua mahali wala saa. Kilichomtangulia ni jiwe lililokuwa mikononi mwake, na namna alivyolichonga.

Ni rahisi kwa mtu wa cheo kilichopotea kuifanya kazi ndogo kwa kuinyanyapaa, akiihesabu kuwa ni ya kupitisha siku tu. Ukuta wa futi chache haukuwa kitu kwa mtu aliyefanya kazi juu ya mto Severn. Lakini kama Lennox angeuchonga ovyo, Mpima Mkuu angepita bila kusimama.

Jambo la pili ni yale aliyoyaahidi. Mitchell ameyataja kuwa matatu: kuchora michoro ya madaraja yaliyohitajika, kutengeneza viunzi vya mbao vya kubebea matao, na kuendesha kazi yenyewe kwa kuwaelekeza na kuwafundisha vibarua wa kawaida ambao serikali ilikuwa nao.

Ahadi hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko zote. Mtu mwingine angedai kwanza aletewe waashi stadi kutoka Uingereza, jambo ambalo lingechukua mwaka mzima au zaidi na kugharimu fedha nyingi. Lennox alikubali kuanza na watu waliokuwepo. Kwa hiyo alichompa mwajiri wake ni zaidi ya sifa zake za zamani. Alimpa njia ya kutoka katika shida aliyokuwa nayo siku ile.

Mitchell hakukawia. Alimpendekeza kwa Gavana Richard Bourke, na tarehe 1 Oktoba 1832 Lennox akateuliwa kwa muda kuwa mkaguzi msaidizi wa madaraja, kwa mshahara wa pauni 120 kwa mwaka. Tangu ashuke melini, miezi miwili ilikuwa haijatimia sana.

Swali moja haliwezi kuepukwa. Mitchell na Lennox wote walikuwa Waskochi, na ugenini lafudhi ya nyumbani hufungua milango. Huenda ilisaidia mazungumzo yale yaanze. Lakini uteuzi ulikuwa wa muda tu, na sharti la kuthibitishwa lilikuwa kazi ya mawe juu ya kijito. Undugu haushikilii tao kiunzi kikiondolewa.

Mwingine aliyetangulia

Hatua chache kutoka pale Lennox alipokuwa akichonga mawe, katika mtaa ule ule, lilisimama jengo la matofali la Hyde Park Barracks, lililokamilika mwaka 1819 kwa ajili ya kulaza wafungwa. Msanifu wake, Francis Greenway, naye aliwahi kutafuta kazi kwa serikali ya koloni, na mwendo wake ulikuwa tofauti kabisa.

Greenway, mzaliwa wa eneo la Bristol, alihukumiwa mwaka 1812 kwa kughushi hati. Hukumu ya kifo ilibadilishwa kuwa kifungo cha miaka 14 ng'ambo, naye akafika Sydney mwaka 1814. Alikuwa na kitu ambacho Lennox hakuwa nacho: pendekezo kutoka kwa Arthur Phillip, gavana wa kwanza wa koloni, lililotumwa kwa gavana wa wakati huo, Lachlan Macquarie.

Macquarie alimpa jaribio dogo, kunakili mchoro wa jengo la baraza la mji na mahakama kutoka kitabuni. Greenway alijibu kwa barua ya kuukosoa mchoro huo na kumweleza gavana namna jengo zuri linavyopaswa kuwa. Gavana alichukizwa, na mfungwa huyo alikemewa kwa maandishi.

Kipaji chake hatimaye kilishinda. Mwaka 1816 aliteuliwa kuwa msanifu majengo wa serikali, na baadhi ya majengo yake ni miongoni mwa yanayothaminiwa sana nchini Australia. Miaka mingi baadaye sura yake iliwekwa katika noti ya dola 10, heshima ya ajabu kwa mtu aliyefungwa kwa kughushi. Lakini tabia ile iliyoonekana katika barua yake ya kwanza haikumwacha. Aligombana na wakubwa zake, akafukuzwa kazi mwaka 1822, na alikufa maskini mwaka 1837.

Wote wawili walikuwa mafundi wa hali ya juu. Mmoja alipopewa kazi iliyo chini ya uwezo wake alimweleza mwajiri kwamba iko chini yake. Mwingine aliifanya.

Mtihani wa Lapstone

Mwezi Novemba 1832 kazi ilianza kwenye bonde la Lapstone. Lennox alipewa wafungwa wapatao 20, akawafundisha kupasua, kuchonga na kupanga mawe yaliyochimbwa jirani na mahali penyewe. Wengi wao walijifunza uashi pale pale, juu ya daraja walilokuwa wakilijenga.

Tao lilikuwa na upana wa futi 20 na urefu wa kwenda juu wa futi 30, yaani kama mita 6 kwa 9. Likilinganishwa na Over lilikuwa kama mtoto mbele ya mzazi wake. Hata hivyo lilikuwa na ugumu wake. Lilikuwa kwenye kona ya barabara inayopanda, kwa hiyo ukuta wa upande mmoja ulibidi upinde kama kwato ya farasi ili kuipokea barabara.

Katikati ya mwaka 1833 daraja lilikuwa limekamilika. Juu ya jiwe la kilele cha tao, upande mmoja, limechongwa jina la David Lennox. Upande wa pili umechongwa mwaka 1833. Majina ya wafungwa waliolijenga hayamo. Wao hawakusailiwa na mtu, hawakuwa na hiari ya kukataa, na ujuzi walioupata pale haukuwaondolea minyororo ya hukumu zao. Bila wao ahadi aliyoitoa Lennox kwa Mitchell ingebaki maneno.

Mwaka huo huo wa 1833, baada ya serikali ya London kuridhia, Lennox alithibitishwa kazini, akawa msimamizi wa madaraja wa koloni. Mwaka 1834 njia mpya ya Mitchell ilifunguliwa, na magari ya sufu yakaanza kuteremka kupitia juu ya tao lake hadi Emu Plains. Pale chini, mto Nepean wenyewe uliendelea kuvukwa kwa pantoni. Penrith haikupata daraja la mto huo hadi mwaka 1856, na mafuriko yalilisomba mwaka uliofuata. Tao la Lapstone lilibaki mahali pake.

Kazi moja huzaa nyingine

Aliyefaulu jaribio dogo alipewa kubwa. Barabara ya kutoka Sydney kwenda Liverpool, kusini-magharibi, ilihitaji kuvuka kijito cha Prospect Creek, na safari hii Lennox aliamua kujenga tao la futi 110, yaani zaidi ya mita 33. Alichukua mfano wa daraja la Over alilolifahamu vyema.

Gavana Bourke aliweka jiwe la msingi tarehe 1 Januari 1834, na daraja, lililopewa jina la Lansdowne, lilifunguliwa tarehe 26 Januari 1836, katika maadhimisho ya kuanzishwa kwa koloni. Kati ya madaraja ya mawe yaliyobaki Australia, hakuna lenye tao pana kuliko hilo, na magari bado yanapita juu yake.

Yakafuata mengine kusini mwa koloni, likiwemo la Berrima, na kati ya mwaka 1836 na 1839 daraja la mjini Parramatta, katikati ya Sydney na Penrith. Mwaka 1867, Lennox angali hai, daraja hilo la Parramatta lilipewa jina lake. Ni nadra kwa mwashi kuishi hadi kuona jambo kama hilo.

Maisha hayakuwa mteremko mtupu. Miaka ya mwanzo ya 1840 koloni lilikumbwa na mdororo mkali wa uchumi, na fedha za miradi mikubwa zikapungua. Lennox, aliyekwisha kuwa mtu wa jina, alishika kazi ya mpima wa wilaya huko Parramatta mwaka 1843 na 1844, kazi ambayo haikuwa na fahari ya kujenga matao makubwa.

Melbourne

Mwishoni mwa mwaka 1844, akiwa na umri wa miaka 56, alihamia wilaya ya Port Phillip, ambayo baadaye ilikuja kuwa koloni la Victoria, kuwa msimamizi wa madaraja. Safari hii hakuna aliyehitaji kumkuta ukutani. Madaraja ya New South Wales yalikuwa yamekwisha kumtambulisha.

Kazi kubwa iliyomngoja ilikuwa mto Yarra, unaopita mjini Melbourne. Jiwe la msingi la daraja la Princes liliwekwa mwaka 1846, na tarehe 15 Novemba 1850 lilifunguliwa katika shamrashamra za habari kwamba Victoria itatenganishwa na New South Wales. Tao lake lilikuwa na upana wa futi 150, sawa na lile la Over.

Kwa hiyo, miaka 18 baada ya kuchonga ukuta kwa ujira wa siku, Lennox alikuwa amejenga, upande wa pili wa dunia, tao lililolingana na lile la mwalimu wake. Mji ulipopanuka, daraja hilo lilibomolewa katika miaka ya 1880 kupisha jingine pana zaidi, ambalo lilifunguliwa mwaka 1888 kwa jina lile lile.

Katika miaka yake tisa ya Victoria alijenga madaraja 53. Alistaafu mwaka 1853, na serikali ikampa kiinua mgongo cha pauni 3,000. Kwa kipimo cha mshahara wake wa kwanza wa pauni 120, hiyo ilikuwa sawa na malipo ya miaka 25.

Alirudi Parramatta mwaka 1855, akaishi karibu na daraja lake katika nyumba aliyoichora mwenyewe. Alifariki dunia tarehe 12 Novemba 1873 akiwa na umri wa miaka 85, na kuzikwa katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu John mjini humo.

Bahati na maandalizi

Ni kweli kwamba Lennox alikuwa na bahati. Alifika koloni likiwa na njaa ya fundi wa aina yake, na mtu mwenye uwezo wa kumpendekeza kwa gavana alipita mahali alipokuwa. Wako wengi waliochonga mawe yao vizuri miaka nenda miaka rudi, na hakuna Mpima Mkuu aliyesimama mbele yao. Kuwaambia kwamba bidii pekee ingewatosha ni kuwadhulumu mara ya pili.

Wala haifuati kwamba barua, vyeti na nguo safi havina maana. Ofisi nyingi za leo hazimwoni mtu kabla ya kuziona karatasi zake, na meneja wa leo hapiti mitaani akitafuta mafundi. Bila ya kutaja aliyoyafanya Uingereza, Lennox naye asingeaminika. Alipoulizwa, alikuwa na la kujibu, na alilijibu.

Lakini bahati ile ilipopita Macquarie Street ilimkuta tayari. Maswali ya Mitchell yalijibiwa na mambo matatu yaliyokubaliana: kazi iliyoonekana kwa macho, uzoefu uliosemwa kwa ukweli, na ahadi iliyolenga shida ya mwenye kuajiri. Kisha ahadi hiyo ikatimizwa katika muda wa miezi isiyotimia kumi, kwa mawe ya jirani na watu waliokuwepo.

Barabara kuu ya kupanda Blue Mountains iliendelea kupita juu ya daraja la Lapstone hadi mwaka 1926, magari ya ng'ombe na farasi yalipokwisha kuyapisha magari ya moto. Baadaye uzito wa vyombo vya kisasa ulilichosha, likafungwa, likafanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa tena mwaka 1982. Linaitwa daraja la Lennox, na jina lililochongwa mwaka 1833 bado linasomeka katika jiwe la kilele chake.